Barua ya wazi: Tupeni wenye majengo njia ya kisheria isiyopitia mahabusu

Kwa Waziri mwenye dhamana ya Katiba na Sheria, Waziri mwenye dhamana ya ustawi wa jamii na makundi maalum, Waheshimiwa Wabunge, na viongozi wa mikoa na halmashauri za miji.

YAH: WATU WASIO NA MAKAZI WANAOLALA KATIKA MAENEO YA BIASHARA, NA NJIA ZA KISHERIA ALIZONAZO MWENYE JENGO

Waheshimiwa,

Mimi ni mmiliki wa jengo dogo la biashara katikati ya mji wa Arusha, nyuma kidogo ya Barabara ya Sokoine. Jengo lina fremu saba: mafundi cherehani wawili, duka la dawa, wakala wa fedha za simu, muuza vipuri vya pikipiki, saluni, na stoo ya mfanyabiashara wa nafaka. Mbele ya fremu hizo kuna kibaraza kirefu cha saruji chenye paa la bati, nilichokijenga miaka mingi iliyopita ili wateja wasinyeshewe. Jioni fremu zikishafungwa, kibaraza hicho huwa kitanda cha watu wasio na pa kulala.

Mlinzi wangu wa usiku ana daftari la lindo. Amelipiga mistari kwa rula, kurasa zote, akaligawa katika safu nne: tarehe, saa, tukio, na hatua iliyochukuliwa. Tangu mwezi wa nne safu ya tukio imejaa maneno yanayofanana: "Wamelala watatu." "Wamelala watano, mmoja mtoto." "Mvua, wamelala saba." Safu ya hatua iliyochukuliwa ni tupu, ukurasa baada ya ukurasa. Nilipomuuliza kwa nini haijazi, alinijibu, "Mzee, niandike nini?" Nimekaa na swali hilo kwa wiki kadhaa, nimezungumza na mawakili wawili, nimesoma sheria kadiri nilivyoweza, na nimebaini kwamba hata mimi mwenye jengo sina jibu la kumpa ambalo ni halali, ni la haki, na linafanya kazi. Nawaandikia ninyi kwa sababu ndio mnaoweza kulitengeneza jibu hilo.

Madhara tunayoyapata ni ya kweli, na sitayapunguza ili nionekane mtu mwema. Fundi cherehani anayefungua saa kumi na mbili na nusu asubuhi huanza siku kwa ndoo mbili za maji na sabuni ya unga, kwa kuwa mlango wake umekojolewa. Mwenye duka la dawa anasema akina mama wenye watoto wagonjwa hawapandi ngazi zake alfajiri wakiona watu wamelala, na mama hao ndio wateja wake wakubwa wa saa hizo. Kufuli moja lilivunjwa, ingawa hatukuwahi kujua na nani. Mfanyabiashara wa nafaka ameshaniambia kwamba mkataba ukiisha atatafuta stoo kwingine. Mpangaji akihama, mkopo wa benki hauhami naye.

Lakini nawajua pia wanaolala pale, kwa sababu mtu akikaa mbele ya nyumba yako miezi mingi utamjua hata kama hukutaka. Yupo mzee mmoja aliyekuwa mwanaapolo, yaani mchimbaji wa tanzanite, kule Mererani tangu ujana wake, na sasa kifua chake hakimruhusu kushuka shimoni wala kubeba hata gunia la viazi. Wapo vijana wawili wanaobeba mizigo sokoni mchana na kunusa gundi usiku, mmoja wao hajafika miaka kumi na tano. Yupo mama mwenye mtoto wa mgongoni ambaye huja siku za mvua tu. Na yupo mwanamume mmoja anayezungumza peke yake mpaka alfajiri, ambaye kila akiguswa hupiga kelele. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na anayeujua mwezi wa saba wa Arusha hahitaji kuelezwa maana ya kulala juu ya saruji ukiwa umefunikwa na boksi la friji na kiroba.

Mwaka juzi nilifanya jambo ambalo ningependa mlijue kabla hamjasoma ninachoomba. Wapangaji walinibana, nami nikapiga simu kuomba watu hao waondolewe. Gari lilikuja baada ya saa saba usiku. Walipakiwa wote, mzee yule akiwemo, bila kuulizwa majina na bila kupewa nafasi ya kuokota vitu vyao. Asubuhi nilikuta chini ya ukuta mfuko wa plastiki uliofungwa fundo mbili, na ndani yake mlikuwa na kadi yake ya kliniki ya kifua kikuu pamoja na vidonge vya siku tisa. Alirudi baada ya siku kumi na moja, amekonda, anakohoa kuliko alivyoondoka. Nilimrudishia mfuko wake. Alinishukuru, na shukrani hiyo imenielemea kuliko lawama ambayo angekuwa na haki ya kunipa.

Ninapouliza sheria inaniruhusu kufanya nini, kwa hiyo, siulizi nikiwa nje ya jambo.

Mwenye jengo hufikiria kwanza kosa la kuingia kwa jinai lililomo katika Kanuni ya Adhabu. Wengi tunaamini kwamba mtu yeyote aliye kwenye eneo letu bila ruhusa tayari ni mhalifu, lakini sheria haisemi hivyo. Kosa hilo linahitaji nia: mtu awe ameingia, au amebaki, kwa lengo la kutenda kosa, au la kumtisha, kumtukana au kumuudhi aliye na miliki ya eneo hilo. Mzee anayejikunja ukutani ili mvua isimpate hana lolote kati ya hayo, na hakimu makini atauliza swali hilo hilo kabla ya kumtia hatiani. Nia ikithibitika, kosa lenyewe kwa kawaida ni la kifungo cha miezi mitatu, na huongezeka hadi mwaka mmoja iwapo aliyeingia ameingia katika jengo la makazi, nyumba ya ibada, au jengo la kuhifadhia mali. Sheria hiyo ilikusudiwa mtu anayekuja kwa shari, nami naiunga mkono iendelee kuwepo kwa ajili ya huyo.

Halafu kuna swali ambalo wenye majengo wachache hujiuliza: kibaraza ni changu mpaka wapi? Niliichukua ramani iliyoambatanishwa na hati yangu, nikaenda na kijana wa upimaji tukatafuta mawe ya mipaka. Tulipoyapata, ilidhihirika kwamba theluthi moja ya eneo ambalo kwa miaka yote nimeliita "mbele ya duka langu" ni hifadhi ya barabara. Hapo mimi sina haki kubwa zaidi ya kumfukuza mtu kuliko aliyonayo mpita njia yeyote. Nawasihi wenzangu wenye majengo wafanye zoezi hilo kabla hawajampa mlinzi amri yoyote, kwa kuwa ugomvi mwingi mjini unatokea kwenye ardhi ambayo si ya anayegomba.

Katika sehemu iliyo yangu kweli, sheria inanipa uwezo wa kumtaka mtu aondoke, kumpa muda wa kutosha kukusanya vitu vyake, na akikataa, kutumia nguvu ya kiasi tu kumtoa. Neno "kiasi" ndilo lenye uzito. Rungu mgongoni mwa mtu aliyelala si nguvu ya kiasi. Maji ya baridi yanayomwagwa saa nane usiku si nguvu ya kiasi. Hilo ni shambulio, na mlinzi akilifanya akiwa kazini kwangu, nami naweza kudaiwa fidia pamoja naye. Kuchoma maboksi yao au kutupa blanketi zao ni kuharibu mali ya mtu, hata kama mali yenyewe kwa macho yetu ni takataka. Na wale majirani wanaomwaga oili chafu kwenye ngazi au kupachika vipande vya chupa kwenye saruji wajue kwamba asiye na ruhusa ya kuingia hapotezi haki ya kutodhuriwa, na mtu akikatika mshipa usiku, swali la kwanza litakuwa nani aliyepachika kile kioo.

Ipo njia ya madai. Kinadharia naweza kufungua shauri la kuingiliwa ardhi yangu, nikaomba fidia na zuio. Wakili wangu alinieleza hatua zake kwa uvumilivu mkubwa, kisha akaniuliza mdaiwa ni nani. Sijui jina lake kamili. Hana anwani. Hati ya wito itapelekwa wapi? Zuio likitolewa dhidi ya watu wanne, kesho yake watalala wengine watatu ambao hawamo kwenye amri. Na fidia italipwa na nani? Njia hii imejengwa kwa ajili ya watu wenye mali kushitakiana wao kwa wao.

Nigusie hofu moja ambayo husikika kwenye vikao vya wafanyabiashara, kwamba ukimwachia mtu alale kwako, baada ya miaka 12 anakuwa na haki ya ardhi. Ni kweli kwamba Sheria ya Ukomo wa Muda ya 1971 inaweka miaka 12 kama kikomo cha kudai ardhi. Lakini mtu anayekuja saa tatu usiku na kukunja boksi lake alfajiri hajaitwaa ardhi ya mtu, wala hajamzuia mwenyewe kuitumia. Hofu hiyo imewafanya watu wenye huruma wawe wakali bila sababu yoyote ya kisheria.

Kwa hiyo mwenye jengo akiishiwa na yote hayo, linabaki jambo moja ambalo kila mtu analijua na ambalo halihitaji wakili: kupiga simu ili watu wakamatwe kwa uzururaji. Hapa ndipo kiini cha barua hii kilipo.

Vifungu ambavyo wanasheria wetu wamezoea kuviita 176 na 177 vya Kanuni ya Adhabu vinawataja wazembe, wazururaji na watu "walaghai". Vinamgusa anayeombaomba hadharani. Vinamgusa mwenye mwili wenye nguvu asiye na shughuli ya uzalishaji wala njia ya kujikimu inayoonekana. Vinamgusa mtu anayekutwa akirandaranda ndani ya jengo, au karibu na jengo, au barabarani, kwa saa na katika mazingira yanayomfanya askari ahisi kwamba yupo hapo kwa jambo lisilo halali. Someni tena maneno hayo ya mwisho, Waheshimiwa. Mtu haadhibiwi kwa alichokitenda. Anaadhibiwa kwa kinachodhaniwa juu yake, na mwenye kudhani ni yule yule anayemkamata. Mzee wangu wa Mererani anaingia katika maelezo hayo kila usiku anapofumba macho.

Lugha hiyo hatukuitunga sisi. Ukoo wake unaanzia kwenye sheria ya uzururaji ya Uingereza ya mwaka 1824, iliyotungwa dhidi ya maskini na askari waliorudi kutoka vitani wakiwa hawana kitu, na ililetwa katika makoloni pamoja na sheria nyingine za jinai. Tanganyika ikaongezewa yake: mwaka 1944 ilitungwa sheria ya kuwaondoa mijini watu wasiotakiwa, na Mwafrika aliyekutwa mjini bila kazi aliitwa mhuni, akarudishwa kwao. Baada ya Uhuru hatukuiacha fikra hiyo. Mwaka 1983 ilipitishwa Sheria ya Nguvu Kazi, na wa umri wangu tunakumbuka misako ya mijini, watu wakipakiwa kupelekwa vijijini na mashambani kwa kuwa hawakuwa na kazi ya kuonyesha. Nia ya viongozi wa wakati ule, katika njaa na uhaba wa miaka ile, ilikuwa watu wazalishe, na sina haja ya kuwahukumu leo. Nasema tu kwamba wengi wa waliopelekwa walirudi mijini kwa miguu yao wenyewe, kama alivyorudi mzee yule kibarazani kwangu baada ya siku kumi na moja.

Jambo linalonisumbua zaidi ni kwamba jibu la kisheria limeshatolewa, na limetolewa katika mji huu huu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ina makao yake hapa Arusha. Tarehe 4 Desemba 2020, ikijibu ombi la PALU, chama cha mawakili wa Afrika ambacho nacho kina makao yake hapa, Mahakama hiyo ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji hazipatani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, wala na mikataba ya Afrika ya haki za mtoto na haki za wanawake, na kwamba nchi zenye sheria hizo zina wajibu wa kuzifuta au kuzirekebisha. Ilisema kuwa sheria hizo zinawaadhibu watu kwa hali yao, zinabagua maskini, na zinafungua mlango wa kukamatwa bila sababu. Maoni ya ushauri si hukumu dhidi ya nchi moja, hilo nalielewa. Lakini inakuwaje kauli ya Mahakama iliyoko kilomita chache kutoka kibarazani kwangu isifike kwenye simu ninayopiga usiku?

Majirani wamesogea. Malawi, mwezi Januari 2017, Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu kinachofanana na chetu katika shauri la mchuuzi wa mifuko ya plastiki aliyekamatwa alfajiri akielekea kwenye biashara yake. Uganda, mwezi Desemba 2022, Mahakama ya Katiba ilibatilisha sehemu za kifungu chao cha uzururaji. Nchi hizo hazikuporomoka kwa kukosa maneno hayo. Wezi wanaendelea kushitakiwa kwa wizi na wavunjaji kwa kuvunja. Katiba yetu wenyewe, ibara ya 12, inasema kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake, na ibara ya 24 inanilinda mimi katika haki yangu ya kumiliki mali. Nimezisoma mbili hizo kwa pamoja mara nyingi na sijaona mahali zinapogombana. Panapogombana ni kibarazani, saa tano usiku, kwa sababu hakuna chombo kilichopewa kazi ya kuzikutanisha.

Kuhusu watoto, sheria tunayo na ni nzuri. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaipa halmashauri wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto aliye katika eneo lake, inamtaka raia mwenye taarifa ya mtoto anayenyimwa haki zake aitoe kwa mamlaka ya serikali za mitaa, na hairuhusu mtoto kuhukumiwa kifungo. Namba ya simu ya msaada kwa watoto, 116, ipo na haina gharama. Kijana yule mdogo asingepaswa kulala kwangu hata usiku mmoja baada ya mimi kumwona. Nilitoa taarifa. Niliambiwa kwamba afisa ustawi wa jamii wa kata anayehusika ana kata nyingine za kuhudumia, kwamba hana usafiri, na kwamba kazi yake inaisha saa tisa na nusu alasiri. Watoto wanaolala nje huonekana wamelala nje saa tatu usiku. Simlaumu afisa huyo, niliyemkuta mtu mwema aliyezungukwa na mafaili. Naulaumu mpango unaomtegemea mtu mmoja mwenye miguu miwili kwa tatizo linaloanza baada ya yeye kwenda nyumbani.

Na yule anayezungumza peke yake ni mgonjwa. Tunayo Sheria ya Afya ya Akili ya 2008, na tunayo Hospitali ya Mirembe kule Dodoma ambayo kila Mtanzania anaijua kwa jina. Katikati ya kibaraza changu na huduma hiyo sijaona mtu anayeweza kuja usiku, akakaa chini naye, akajua kwamba anahitaji daktari na si pingu. Zaidi ya mara moja nimemwona akikunjwa mikono na watu watatu kwa kosa la kupiga kelele baada ya kushikwa.

Waheshimiwa, maombi yangu sasa.

Naomba vifungu vya uzururaji viletwe Bungeni vifutwe, yaani maneno yote yanayomfanya mtu kuwa mkosaji kwa sababu hana kazi, hana fedha, au yuko mahali kwa saa isiyompendeza askari. Mwaka 2023 Tume ya Rais ya kuangalia taasisi za haki jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilikabidhi ripoti yake, na nchi nzima ilikubali kuzungumza waziwazi juu ya ukamataji na mahabusu. Tume ya Kurekebisha Sheria ipo. Mlango uko wazi kuliko wakati wowote ninaoukumbuka. Na wakati muswada unasubiriwa, hakuna kinachozuia maelekezo kutolewa leo kwamba mtu asikamatwe kwa sababu tu amekutwa amelala.

Ila kufuta peke yake kutaniacha mimi na wapangaji wangu tukiwa na ndoo zetu za maji, na nitakuwa nimewadanganya wenzangu nikisema vinginevyo. Mwenye jengo akinyang'anywa simu ya kukamata apewe simu nyingine. Ombi langu kubwa ni hilo, na ni dogo kwa gharama kuliko linavyosikika: kila halmashauri ya jiji na manispaa iwe na zamu ya usiku ya ustawi wa jamii, hata watu wawili na gari moja, wakiwa na namba inayojulikana, wakifuatana na askari pale tu penye hatari. Wakija, waandike majina. Wamruhusu mtu achukue mfuko wake wa dawa. Mtoto apelekwe kwenye makao ya watoto, mgonjwa hospitali, mwenye ndugu asaidiwe nauli, na asiye na lolote kati ya hayo apelekwe mahali penye paa na choo.

Mahali hapo lazima pawepo. Siombi nyumba za ghorofa. Kuna maghala ya umma yaliyokaa miaka bila mzigo na majengo ya ofisi zilizohamishwa. Sakafu, mikeka, choo, bomba la maji na mtu wa kuangalia vingetosha kuanzia, hasa kwa miezi ya mvua na baridi. Sisi wafanyabiashara tunalipa ushuru wa huduma kwa halmashauri, na kodi ya jengo tangu 2021 tunakatwa tukinunua umeme wa LUKU, kila mwezi, bila kukwepa. Sehemu ya fedha hizo ikielekezwa huko na hesabu ikabandikwa kwenye ofisi ya kata, sitakuwa mfanyabiashara pekee mtaani kwetu atakayeongeza magunia ya unga juu yake. Nimeshazungumza na wanne.

Choo nacho kisichukuliwe kuwa jambo la kando. Mlango wa fundi cherehani unakojolewa kwa sababu vyoo vya kulipia vilivyo karibu nasi hufungwa jioni. Choo kimoja cha umma kinachofunguliwa usiku kucha kingemaliza nusu ya ugomvi wa mtaa wetu kabla hata sheria moja haijaguswa, na ningeshangaa sana kama mtaa wetu uko peke yake katika hili.

Mwisho naomba mwongozo ulioandikwa kwa Kiswahili chepesi, kurasa mbili zisizozidi, utakaotolewa kwa kila mwenye jengo na kila kampuni ya ulinzi. Useme mpaka wa kiwanja unathibitishwaje. Useme mlinzi anaruhusiwa kusema nini, kusubiri dakika ngapi, na nini haruhusiwi kamwe kukifanya. Useme vitu vya mtu vikibaki vihifadhiwe wapi na kwa siku ngapi. Useme mtoto akionekana apigiwe nani, na mgonjwa apigiwe nani. Walinzi wengi wa usiku mjini ni wazee wa umri wangu au vijana wa miaka ishirini waliopewa rungu na tochi, wanaolipwa kidogo, na tumewaachia peke yao uamuzi ambao mawakili wawili walikaa nao mezani kwangu kwa saa tatu.

Kwa upande wangu, nimeshafanya yale ambayo hayahitaji idhini ya mtu. Nimekubaliana na wapangaji kwamba kibaraza kinaweza kulaliwa kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na moja na nusu alfajiri, upande wa stoo tu, mbali na mlango wa duka la dawa. Taa inawaka usiku kucha. Mlinzi amekatazwa kumgusa mtu. Mzee wa Mererani ndiye anayewaamsha wenzake na kufagia kabla mafundi hawajafika, na tangu tuanze utaratibu huo ndoo za maji za asubuhi zimepungua kutoka mbili hadi moja. Huu si suluhisho na sitaki mtu auchukue kuwa suluhisho. Mvua za vuli zikianza, wanne watakuwa tisa, na upande wa stoo una nafasi ya watu watano.

Jana usiku nililipitia tena daftari. Chini ya tarehe, mlinzi ameandika: "Saa 5:20. Wamelala wanne. Mtoto mmoja, anakohoa." Safu ya mwisho bado ni tupu. Naomba mniambie, kwa maandishi na kwa niaba ya Serikali, aandike nini hapo, na akishaandika, ampigie nani.

Wenu mtiifu,

Mmiliki wa jengo la biashara,
Arusha